Njooni siku ya kawaida

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu Wakristo nawasalimu pia, hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi mbele, mashekhe, kina mama wa kliniki nawaona pale nyuma na watoto wenu, manesi na watu wa kituo cha damu mlioacha shughuli zenu mkatuletea vitanda mpaka hapa mtaani, ahsanteni sana, Mungu awalipe kheri.

Leo ni tarehe 19 Juni, siku ya siko seli duniani, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na tarehe 14 iliyopita ilikua siku ya wachangia damu duniani, kwa hivyo wiki hii kila redio ukifungua wasikia damu, damu. Mimi nimeombwa nizungumze vile mtu anavyoishi baada ya kuzika mtoto na vile hii kazi yetu ya kutafuta damu na kuwatembelea waliofiwa ilivyoanza. Nitazungumza inshallah, lakini nina ombi moja na nalisema mapema ili hata mwenye kuwahi feri aondoke ashalisikia. Njooni siku ya kawaida. Siku ya msiba mwaja, wallahi sina lawama kwa hilo. Lakini ile Jumanne tupu isiyo harusi wala matanga, hiyo ndo siku tunayowakosa, na friji la damu pale hospitali nalo lawakosa siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze kwa nini nasema hivi.

Mwanangu wa kwanza sote nyumbani tulikua twamwita Babu, manake alibeba jina la babu yake mzaa baba. Alikua na siko seli. Alikua mtoto wa sweta, wale majirani zangu mwamkumbuka, Mombasa hii na joto lake lakini Julai kusi likivuma yeye alikua na sweta na stokini saa kumi za jioni, na chupa yake ya maji haimtoki begani, mwalimu alishaambiwa huyu akiomba kwenda kukojoa muachilie manake lazima anywe maji mengi damu yake isigande kwenye mishipa. Watoto wenziwe wakenda kuoga bahari yeye alikua akikaa juu kwenye ukuta akiwahesabia nani amepiga mbizi zaidi. Hakua mtoto mnyonge. Alikua na kelele, alikua mbishi wa mpira, na akipandwa na maumivu alikua hamlilii mtu yeyote ila baba yake.

Usiku wa mwisho alianza na homa, tukampeleka hospitali, sitaitaja na sikuja hapa kulaumu daktari wala nesi manake wale waliokua zamu nliwaona kwa macho yangu wakikimbia. Damu yake ilishuka ghafla. Tukaambiwa aongezewe damu, na damu ya grupu lake kwenye friji haipo, tafuteni watu. Mume wangu akapiga simu. Jamani, saa saba usiku watu walikuja. Walikuja kwa boda, walikuja kwa tuktuk, mwengine alikuja na kikoi kama alivyotoka kitandani, mwengine hata simjui alisikia tu msikitini kwa mtu, wakajipanga laini kwenye korido mikono wamekunja mashati. Lakini damu haitolewi kwa mtu huyu ikatiwa kwa huyu papo hapo. Lazima ipimwe ukimwi, ipimwe homa ya ini B na C, ipimwe kaswende, halafu iwianishwe na ya mgonjwa, na vipimo hivyo vina saa zake, huwezi kuvikimbiza. Damu ilipokua tayari mwanangu alikua ashaondoka.

Nataka mnielewe hapa. Watu walikuja. Hakuna aliyeninyima. Upendo ulikua pale kwenye korido umejaa tele mpaka askari wa getini alikua awaambia wengine wangoje nje. Lau watu wale wale, mikono ile ile, ingekua imekunjwa wiki mbili kabla, siku ambayo hakuna mtoto wa yeyote aliyekua taabani, ile damu ingekua ndani ya friji imepimwa yangoja. Hilo ndo nimekua nikilifikiria tangu usiku ule, na ndo limenitoa nyumbani mpaka nimesimama hapa mbele yenu na mimi si mtu wa maikrofoni.

Basi mauti yakaja, na matanga ndo hayo mnayoyajua. Kabla ya adhuhuri nyumba yangu haikua na pa kuweka mguu. Sikuulizwa sufuria ziko wapi, sikuulizwa sukari iko wapi, kina mama wa mtaa washafungua kabati washatoa, turubai lishafungwa uchochoroni, viti vishaletwa, wanaume wakabeba jeneza wakenda kumswalia na kumzika, sisi tukabaki na juzuu zetu. Jamaa wakaja kutoka Malindi na Lamu. Siku tatu kahawa haikukatika. Hitma ikasomwa, dua ikaombwa. Siku ya nne turubai likafunguliwa, viti vikarudi vilikotoka, kila mtu akaenda kwake, na ni haki yao, watu wana kazi, watu wana watoto wao wangoja chakula.

Na hapo ndo pagumu penyewe paanzapo. Aliyefiwa na mtoto hapa anajua nasema nini. Msiba una wenyewe na una mpangilio wake, kuna mtu akupikia, kuna mtu akushika mkono, kuna mtu hata akuambia sasa lala. Siku ya kawaida haina mwenyewe. Mimi nauza mahamri na mbaazi, naamka saa kumi ya alfajiri, na siku nliyorudi kukanda unga nlikua peke yangu jikoni, tui liko pale, iliki iko pale, hamira ikishatiwa haingoji mtu amalize kulia. Nlikanda. Wateja wakaja, wengine wakanunua wakaniangalia chini, wengine walibadilisha njia wakapita uchochoro wa pili ili wasikutane na mimi, si kwa ubaya, mtu hajui aseme nini. Saa mbili usiku kengele ya simu ikalia. Ilikua kengele ya dawa zake. Ikawa yalia kila siku saa mbili, na wadogo zake kila ikilia waninyamazia waniangalia, na mimi siizimi, kwa muda mrefu sana sikuizima.

Kitu chengine ambacho nataka nikiseme manake hakisemwi. Mtaa mzima walikua wakiniita kwa jina la yule mwanangu, mama fulani, miaka yote. Baada ya msiba wakahamia jina la mdogo wake. Walifanya kwa huruma, waliona wakitaja lile la kwanza watanitonesha. Dada zangu, mimi nnawaomba, kina mama wenzangu walionituma pia wawaomba, mtuite kwa yule wa kwanza. Yeye ndo alietufanya mama. Ukimtaja hunikumbushi kitu nlichosahau.

Na maneno pia. "Mshukuru Mungu umebakiwa na wengine." "Utapata mwengine, bado u mdogo." "Amepumzika, alikua yuwateseka." Najua mwasema mkitaka kufariji. Mimi naamini mtoto ni amana na mwenyewe ameichukua, naamini kwa moyo wangu wote watoto waliotangulia watatuombea, hilo silitilii shaka. Lakini imani haikatazi macho. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele ya maswahaba, akasema jicho latoa machozi na moyo wahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Sasa kama yeye alilia, wewe shangazi yangu waniambiaje siku ya kumi nisilie ntamuumiza maiti? Niache nilie. Keti karibu yangu, basi.

Tena msiwasahau kina baba. Mume wangu alirudi kazini bandarini mapema kuliko mimi, na kila anayekutana naye alimuuliza, mkeo yuaendeleaje? Mkeo amepata subira? Mwanamume amebeba jeneza la mwanawe begani, ameshuka kaburini kumpokea na mikono yake, alafu aulizwa hali ya mkewe. Alikuja kuniambia siku moja, hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mimi. Nyinyi wanaume mnaokaa barazani, mnaocheza bao, mkimuona mwenzenu amerudi kuketi pale baada ya kuzika mtoto, muulizeni yeye. Si lazima mlie pamoja. Muulizeni tu.

Sasa hii kazi ilianzaje. Arobaini ilikua ishapita, hakuna tena anayekuja kwa ajili ya msiba. Akaja bi mkubwa mmoja wa mtaa wa nyuma, asubuhi ya katikati ya wiki, hakuleta mawaidha. Alikuta beseni ya viazi akavuta kibao cha mbuzi akakalia, akachukua kisu akaanza kumenya. Akamenya vingi tu bila neno. Alafu akaniuliza, yule mjukuu wangu alikua akipenda kula nini? Nikamwambia, viazi vya karai na ukwaju mwingi mpaka mdomo unamchonyota. Nikajikuta nazungumza. Nlizungumza mpaka viazi vikaisha na yeye aitikia tu, ehee, alafu? Alipoondoka aliniambia ntakuja wiki ijayo, na wiki ijayo akaja, na ilofuata akaja. Mtu huyo hajui kusoma wala hajawahi kwenda kozi ya ushauri nasaha popote, na kila tunachofanya sisi leo kwa mama aliyefiwa tumekitoa kwake.

Na upande wa pili wa kazi ulianza kwa simu. Mama mmoja tuliokua tukikaa naye benchi moja la kliniki, mwanawe kalazwa, aniambia dada, wajua mtu yeyote mwenye damu? Nkampigia ndugu yangu, ndugu yangu akampigia rafikiye, yule mtoto akaongezewa akarudi nyumbani. Baadae akapiga mwengine. Tukafungua grupu ya WhatsApp. Mwanzo tulikua tunakimbizana na dharura tu, usiku meseji, watu wakatoka, na mimi kila tukifanya hivyo nlikua nauona ule usiku wangu wajirudia kwa mwengine. Nkawaambia wenzangu hivi sivyo. Tukipata damu saa hii twamsaidia huyu kwa bahati. Twataka damu itangulie mgonjwa.

Hebu tuhesabu kidogo. Shirika la afya duniani huwa lasema nchi ikipata chupa za damu kama asilimia 1 ya watu wake, yaweza kukidhi mahitaji ya msingi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu wa kaunti ya Mombasa milioni 1.2 na kidogo. Asilimia 1 ya hapo ni kama chupa 12,000 kwa mwaka, yaani elfu moja kila mwezi, kila mwezi, Ramadhani iko ndani, Disemba iko ndani. Na huwezi kukusanya zote siku moja ukastarehe, manake damu ikitolewa yakaa kwenye friji kama siku 35 tu, chembe za kugandisha damu ndo kabisa, siku 5. Kwa hivyo ile kampeni kubwa ya Juni yenye fulana na mabango, mwisho wa Julai damu yake haipo tena.

Na nchi hii damu nyingi imekua ikitoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti, Disemba, friji zakauka. Ramadhani nayo watu wamefunga, hawatoi. Lakini mgonjwa hafungi shule. Mama yuajifungua Disemba vilevile, ajali ya barabara ya Malindi yatokea Agosti vilevile, mtoto wa siko seli ndo hiyo baridi ya kusi yamshika. Ndo maana sisi Ramadhani twaweka vitanda baada ya tarawehe, mtu ashafuturu, ashakunywa maji, ashakula, atoa damu yake arudi nyumbani kulala. Watu wajitokeza mashallah, mpaka vijana wa maskani wale mnaowasema hawana maana, wao ndo wa kwanza kukunja mikono.

Maswali huwa ni yale yale nami nayajibu. Damu yauzwa? Damu ya kuchangia hainunuliwi kwako wala haitakiwi kuuzwa kwa mgonjwa, ukiona mtu amkamua mgonjwa pesa ya damu huyo ni wa kushtakiwa. Ntadhoofika? Watoa mililita 450 tu, mtu mzima ana lita 4 mpaka 5, maji yake mwili wayarudisha siku moja mbili na chembe zenyewe kwa wiki kadhaa. Watajua nina ugonjwa gani? Majibu ni yako na ni siri yako. Na yule mzee aliyeniambia damu yetu yapelekwa kwa majini, nlimshika mkono nkampeleka mpaka kituo cha damu pale Coast General akaona friji, akaona lebo, akaona mashine, na akatoa. Yuko hapa leo, sitamuonyesha.

Haya, siko seli yenyewe. Kuna kina mama hapa bado watupiwa maneno nyumbani kwa waume zao, kwetu hakuna ugonjwa huo, umetuletea wewe. Wakwe zangu, sikilizeni. Mtoto hawi na siko seli mpaka apokee kwa baba na apokee kwa mama, wote wawili. Mtu akibeba upande mmoja tu, ile wanayoita AS, yuko sawa, hata hajijui. Wakikutana AS na AS, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kuwa na ugonjwa, kila mimba peke yake, si kwamba ukishapata mmoja mgonjwa watatu wafuatao wako salama. Na kwa nini sisi watu wa pwani tuna mbegu hii kwa wingi? Si laana ya ukoo wala si jicho. Ni malaria. Mwaka 1954 daktari mmoja, Anthony Allison, mzungu aliyekulia hapa hapa Kenya, alionyesha kwamba anaebeba upande mmoja malaria kali haimuui kirahisi, na watafiti wa KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, hapo Kilifi wameendelea kuthibitisha kwa miaka. Yaani mababu zetu waliobeba upande mmoja ndo walipona mbu, wakazaa, wakatuachia. Mwenye pande zote mbili naye kwake malaria ni hatari kubwa sana, chandarua kwake si hiari.

Ndo maana twasema mpime kabla ya kuposa, hasa sisi tunaooana binamu kwa binamu. Sisemi msioane. Nasema mjue. Kipimo cha damu tu.

Na mkishakua na mtoto, ugonjwa huu si hukumu ya kifo. Watoto zaidi ya 300,000 wazaliwa nao duniani kila mwaka, wengi wao Afrika, na huku kwetu wengi wafa kabla hawajafika miaka 5, wengine hata jina la ugonjwa halijajulikana, waambiwa baridi yabisi, waambiwa jini. Mtoto wa miezi sita, minane, vidole na nyayo zavimba analia ukimgusa, usimkande na mafuta ukanyamaza, mpeleke apimwe. Akijulikana mapema apewa penisilini kila siku mpaka miaka 5, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo, na haidroksiurea ambayo yapunguza maumivu na kuongezewa damu. Homa kwake ni dharura, usingoje asubuhi.

Kuna kitu nawafundisha kina mama pale kliniki na nitawaonyesha hapa. Mlaze mtoto chali, magoti ayakunje kidogo, mkono wako wa kulia, hivi, vidole bapa, anza chini ya tumbo upande wake wa kushoto, ukipanda pole pole kuelekea mbavu. Bandama ya mtoto mzima kawaida huigusi. Ukikutana na kitu kigumu chenye ukingo chini ya mbavu, daktari akuonyeshe kimefika wapi, ukumbuke ni vidole vingapi. Siku ukimuona amepauka ghafla, midomo myeupe, amelegea, na kile kitu kimeshuka chini kuliko jana, ujue bandama imeifungia damu ndani, hapo ni kutoka mbio na sandarusi ya karatasi za kliniki mkononi, sema bandama imevimba, tajeni wenyewe msingoje kuulizwa. Kuna mama hapa mwanawe alivimba bandama saa tisa usiku, alijua, alifika, na damu alikuta iko kwenye friji. Sijui aliyeitoa ni nani. Mtu fulani aliamka siku ya kawaida akaenda akatoa, akaenda zake kazini.

Kuhusu kuwatembelea waliofiwa, tuna mambo tunayoyashikilia na watu wengine hatuelewani nao, lakini siyaachi. Hatupigi picha. Nimeona watu wapeleka unga na mafuta kwa mama aliyezika juzi, wampanga na ile mifuko mbele yake, mshike hapa, angalia kamera, alafu picha zazunguka mtandaoni na uso wake. Ile si sadaka, mimi nasema waziwazi, umemnunua kwa paketi ya unga. Mfadhili akitaka ushahidi tuna risiti, tuna daftari, aje asome. Sisi twaenda wawili wawili, kuanzia mwezi wa pili baada ya msiba, mwezi wa tatu, ule wakati simu zishanyamaza. Twaosha vyombo, twampeleka mdogo shule, twaenda naye kufuata cheti cha kifo manake foleni ile hakuna mzazi anastahili kuipiga peke yake. Akitaka kuzungumza twasikiliza, akitaka kunyamaza twamenya viazi.

Na hatumwambii mama yeyote njoo ufanye kazi na sisi itakusaidia. Wako waliojiunga, wako waliosema mimi nataka nirudi Kongowea niuze nyanya zangu tu, na nyanya zake ndo ibada yake. Mimi kazi hii haijanitoa huzuni, na anayewaambia yeye alianzisha shirika akapona sijui alipona nini. Nlikua na saa za siku yangu zilizokua zake, saa za dawa, saa za kukanda miguu, siku ya kliniki. Zile saa zilibaki mikononi mwangu. Nimezitia humu. Kuna siku naingia wodi ya watoto mpaka mlangoni, nasikia ile harufu, narudi, mwenzangu aingia badala yangu na haniulizi kitu.

Sikukuu ndo mtihani. Mwaka wa kwanza nlienda Biashara Street kutafuta nguo za Idi za wadogo zake, duka lile lile la kila mwaka. Muuzaji atoa size, huyu mdogo, huyu wa kati, alafu aniangalia, na kaka yao je, mwaka huu hakuja? Nkamwambia kaka yao tumemzika. Dukani kumejaa, ndo msimu, watu wapiga kelele za bei. Yule bwana akaweka ile kanzu chini, akazunguka meza akatoka, akaniletea kiti, akaniletea maji, akasimama akasoma Fatiha wateja wakimngoja. Hakusema pole mara kumi. Aliniuliza alikua darasa gani. Jamani, ile ndo naita kuja siku ya kawaida. Hakuwa jamaa, hakuja matangani, alikutana na msiba wangu katikati ya biashara yake akausimamia dakika tano.

Basi nisiwachoshe. Vitanda viko pale ndani, vitatu. Anaetoa awe na miaka 16 mpaka 65, uzito kilo 50 kwenda juu, awe amekula, asiwe mjamzito wala anaenyonyesha wala anaumwa. Wanaume mwaweza kutoa tena baada ya miezi 3, wanawake 4. Kwa hivyo nataka kila anaelala kile kitanda leo, akiamka, kabla hajanywa soda yake, atoe simu aweke kengele, mwanamume tarehe 19 Septemba, mwanamke 19 Oktoba. Asiyeweza leo aje Agosti shule zikishafungwa, twawataka zaidi Agosti kuliko leo, tutatangaza misikitini na makanisani. Na wale wa kutembelea, daftari liko kwa dada mwenye ushungi wa kijani, andikeni jina na siku mnayoweza, Jumanne na Jumatano ziko wazi kabisa. Wenye zamu ya jioni bandarini na wa kuvuka Likoni watangulie kitandani, nesi yuko tayari. Ahsanteni.